Salamu za Noeli na Pasaka ndani ya "demo": desturi ya wachoraji wa ordinatere isiyouzwa

Kila tarehe 24 na 31 Desemba, telefone za wakaaji wa Goma, Bukavu, Bunia, Butembo ao Kalemie zinajaa picha zilezile: mshumaa, maua, nyota zinazometameta, na maneno "Bonne année" kwa rangi ya dhahabu. Picha moja inaweza kumfikia mtu mara kumi, kutoka kwa watu kumi, na hakuna hata mmoja wao aliyeandika jina la yule anayemsalimia. Asubuhi ya Bonane mwenye telefone anazifuta zote ili apate nafasi.

Kuna jumuiya moja ya wachoraji wa ordinatere, wengi wao wako Ulaya, ambayo kwa miaka karibu 40 imetunza desturi nyingine. Kwao salamu inaingizwa ndani ya kazi yenyewe ya sanaa. Inatajwa kwa majina. Na kila jina linachukua fasi ambayo mchoraji angeweza kuitumia kwa kitu kingine. Ulimwenguni wanajulikana kwa jina la demoscene. Hapa tutawaita watu wa demo.

Demo ni nini?

Demo iko programu ndogo ya ordinatere. Ukiifungua, inaonyesha picha zinazotembea pamoja na muziki, kwa dakika chache, sawa vile filamu fupi. Lakini tofauti na filamu, picha hazikupigwa mbele na kuhifadhiwa. Ordinatere inazichora palepale wakati mtu anaangalia.

Mfano wa nyumbani: mtu anaweza kukutumia kikapu kizima kutoka Idjwi hadi Bukavu, na kitachukua nafasi ndani ya mtumbwi. Ao anaweza kukutumia karatasi moja yenye maelezo ya ginsi ya kukisuka, wewe ukakisuka mwenyewe. Video ya kawaida ni kikapu. Demo ni karatasi ya maelezo, na ordinatere yako ndiyo inayosuka.

Ndiyo maana demo inaweza kuwa ndogo sana. Mwisho wa mwaka 2000, kikundi cha Ujerumani kinachoitwa Farbrausch kilionyesha kazi yenye jina "fr-08: .the .product". Inaendelea kwa zaidi ya dakika 10, na picha na muziki. Uzito wake wote hauzidi kilo-okteti 64. Picha moja ya Noeli inayozunguka katika telefone zetu mara nyingi inapita uzito huo. Mwaka 2009, kazi nyingine inayoitwa "Elevated" ilionyesha milima mirefu yenye theluji, pamoja na muziki, kwa uzito wa baiti 4,096 tu. Baiti moja, ile ambayo Wafaransa wanaita octet, inatosha kwa herufi moja. Kwa hiyo milima yote hiyo ilikaa ndani ya nafasi ambayo ingejaa kwa kurasa mbili za maandishi.

Salamu zilianza namna gani?

Mwanzo wake haukuwa msafi, na watu wa demo wenyewe hawaufichi. Ni miaka ya 1980. Ordinatere ya Commodore 64 iliingia sokoni mwaka 1982, na Amiga ikafuata mwaka 1985. Vijana wa Ulaya walizitumia nyumbani kwa michezo. Michezo iliuzwa bei kali, ikiwa imefungwa ili isinakiliwe. Vijana wenye akili ya programu wakaanza kuvunja kufuli hiyo na kugawa nakala bure. Sheria ilikataza.

Aliyevunja kufuli alitaka wengine wajue kwamba ni yeye. Kabla mchezo haujaanza, aliweka ukurasa wake: jina la kikundi kwa herufi kubwa za rangi, muziki mfupi, na mstari wa maneno uliotembea chini ya kioo kutoka kuume kwenda kushoto. Ndani ya mstari huo alisalimia vikundi vingine, kimoja kimoja, kwa majina. Kidogo kidogo ule ukurasa wa mbele ukapendwa kuliko mchezo. Wakaanza kuutengeneza peke yake, bila mchezo wa wizi nyuma yake. Hivyo demo ikazaliwa, na salamu zikabaki ndani yake.

Wakati ule hakukuwa na intaneti nyumbani. Kazi zilisafiri kwa disketi ndani ya bahasha ya posta. Kila kikundi kilikuwa na mtu wa kazi hiyo tu: kupokea disketi, kunakili, kutuma kwa marafiki wa Norwe, Uswidi, Uholanzi ao Polandi. Vijana hawakuwa na feza ya tembre. Wengine walipaka gundi juu ya tembre ili muhuri wa posta ufutike, kisha wakaandika ndani ya barua: nirudishie tembre. Hiyo nayo ilikuwa kuiba posta. Lakini inaonyesha ginsi gani kijana wa miaka 15 alihangaika ili salamu yake imfikie mtu ambaye hajawahi kumuona uso.

Mtu wa hapa atatambua jambo hilo. Katika masoko yetu kuna vibanda vinavyochaji telefone na kutia nyimbo kwenye karte memwari. Wimbo unatoka kibanda hadi kibanda, mji hadi mji, bila mtandao. Disketi za watu wa demo zilitembea vilevile, ila kila moja ilibeba majina ya waliosalimiwa.

Kwa nini Noeli na Pasaka?

Watu wanaoandikiana mwaka mzima wanahitaji siku ya kuonana. Katika Ulaya siku hizo zinapatikana wakati wa sikukuu, sababu masomo na kazi vinafungwa. Ijumaa Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka ni siku nne. Kati ya Noeli na Bonane kuna karibu wiki moja. Watu wa demo wakaziteka siku hizo.

Denmark kulikuwa na mkutano ulioitwa The Party. Ulianza mwaka 1991 na kumalizika mwaka 2002, na ulifanyika kila mara kati ya Noeli na Bonane. Ni pale Farbrausch walipoonyesha kazi yao ya mwaka 2000. Norwe kuna The Gathering, unaofanyika wakati wa Pasaka tangu 1992. Kwa miaka mingi ulikuwa katika mji wa Hamar, ndani ya ukumbi mkubwa uliojengwa kwa ajili ya Michezo ya Olimpiki ya 1994. Ujerumani, mkutano wa Pasaka ulioitwa Breakpoint ulianza 2003 ukaisha 2010. Mwaka 2011 wengine wakaanzisha Revision katika mji wa Saarbrücken, vilevile kwa Pasaka, na unaendelea.

Ndani ya ukumbi taa zinazimwa. Kazi zinaonyeshwa kwenye kioo kikubwa, moja baada ya nyingine, na wale waliokuja ndio wanaopiga kura. Sehemu ya salamu inapofika, jina la kikundi linatokea na wenye jina wanapaza sauti gizani. Mtu anajua hapo kwamba kazi yake ya mwaka uliopita ilionekana. Mwenzake wa inchi nyingine aliitazama, akaikumbuka, akaandika jina.

Desemba pia ina kazi zake ndogo. Wachoraji wanatoa demo fupi za theluji, mti wa Noeli na nyimbo za sikukuu, bila kushindania zawadi yoyote, ili tu kuwapa wenzao heri. Tangu 2021 kuna hata shindano la kila Desemba kwa wapenzi wa ordinatere za zamani: kuchora picha moja nyepesi ya Noeli kwa programu iliyo ndogo kuliko zote. Desturi hiyo ina mizizi mirefu. Kampuni ya Commodore yenyewe ilitoa programu ya Noeli mwaka 1982, yenye picha na nyimbo za sikukuu, ili kuonyesha madukani uwezo wa ordinatere yake mpya.

Kila herufi ina bei

Hapa ndipo desturi hii inakuwa na uzito. Tuchukue kazi ya baiti 4,096. Milima, mwangaza, mwendo wa kamera na muziki, vyote vinapaswa kuingia humo. Mtengenezaji anaweza kukaa wiki nzima akitafuta ginsi ya kupunguza baiti 20.

Sasa anataka kusalimia. Jina "Fairlight" lina herufi 9. "Conspiracy" lina 10. "Farbrausch" lina 10. Ukiongeza nafasi kati ya majina, vikundi vitatu vimekula baiti 31. Vikundi ishirini vinaweza kukaribia 200. Kuna njia za kubana, lakini bado ni nafasi iliyotoka kwenye mlima ao kwenye wimbo. Tena herufi zenyewe zinahitaji programu ya kuzichora.

Kwa hiyo anayekutaja ndani ya kazi ndogo kama hiyo ameondoa kitu chake ili wewe uingie. Katika kazi za baiti 256 mara nyingi haiwezekani kabisa. Hapo salamu zinawekwa ndani ya barua ndogo ya maandishi inayofuatana na programu. Lakini hawaziachi.

Katika kazi kubwa ambazo hazina kipimo kikali, watu wa demo wanatafuta njia nzuri ya kuweka majina: juu ya kuta za mji uliochorwa, kwenye mabango ya barabara, ndani ya mawingu, juu ya mawe yanayoanguka. Mwangaliaji anayajua majina na anayatafuta kwa macho, sawa vile mtu anavyotafuta jina la mtoto wake kwenye palmarès ya shule.

Je, ni sawa na libanga?

Msomaji wa Kongo ataona jambo hili si geni. Katika muziki wetu kuna libanga. Mwimbaji anataja jina la mtu katikati ya wimbo, na mara nyingi mwenye jina ametoa feza ili atajwe. Kuna nyimbo ambazo majina yanakaribia kushinda mashairi. Na katika redio kuna vipindi vya salamu, ambapo mtu wa Uvira anamsalimia shangazi yake wa Fizi na jamaa yote.

Salamu za demo zinakaa kati ya mambo hayo mawili. Zinafanana na libanga kwa sababu zinaingia ndani ya kazi na kubaki humo. Miaka 30 ikipita, jina bado linasomeka. Zinafanana na salamu za redio kwa sababu zinatoka kwa mtu mdogo kwenda kwa mwenzake. Tofauti ni kwamba haziuzwi. Kikundi kinataja vikundi ambavyo kazi zao kinaziheshimu, ao vilivyowasaidia, ao vilivyolala nao chini ya meza moja usiku wa mkutano. Mwenye pesa lakini asiye na kazi hatajwi.

Hii ina maana pia kwa wale wasiotajwa. Orodha ya salamu inaonyesha nani yuko ndani na nani yuko nje. Zamani baadhi ya vikundi viliweka hata orodha ya pili, ya matusi, kwa wapinzani. Kijana aliyetuma disketi zake mwaka mzima, kisha akasoma mstari wote wa salamu bila kuona jina lake, aliumia. Ni umivu lilelile la mtu ambaye siku ya Bonane anasikiliza kipindi chote cha salamu hadi mwisho, akingoja.

Waliokufa nao wanatajwa. Jumuiya ambayo wazee wake walianza wakiwa wanafunzi miaka ya 1980 sasa ina watu wenye wajukuu, na kuna wenzao waliokwisha kufariki. Kuna kazi zinazotolewa kwa ajili yao, na majina yao yanaendelea kuwekwa kati ya salamu za walio hai.

Urithi unaotambuliwa

Mwaka 2020 Finland iliingiza sanaa ya demo katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika, ile inayotengenezwa chini ya mkataba wa UNESCO. Ujerumani ikafuata Machi 2021, Polandi Desemba 2021, Uholanzi mwaka 2023. Hizo ni orodha za kila inchi.

Desemba hiyohiyo ya 2021, rumba ya Kongo iliandikwa katika orodha ya ulimwengu ya UNESCO, kwa ombi la Kongo zote mbili, Kinshasa na Brazzaville. Rumba iko katika ngazi ya ulimwengu, demo ziko katika ngazi ya inchi. Lakini zote mbili zimekubaliwa juu ya sababu inayofanana: si kazi peke yake inayolindwa, ni pia desturi ya watu wanaoifanya pamoja na kufundishana.

Mtandao unapokatika

Wakaaji wa Kongo wanajua vizuri salamu inayokwama. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi nzima. Messages za telefone nazo zikafungwa. Ilichukua karibu wiki tatu kabla ya kurudi. Watu wengi waliingia mwaka 2019 bila kuwapa Bonane watoto wao walio Kinshasa, Kampala ao Ulaya. Watu wa demo nao walionja kidogo jambo la kutengana katika Pasaka ya 2020, wakati Covid ilifunga kumbi zote. Revision ikafanyika kwa njia ya intaneti tu, mwaka huo na mwaka uliofuata. Kazi zilionyeshwa, kura zikapigwa, lakini kila mtu alipaza sauti peke yake chumbani.

Kuna somo moja la kazi katika hayo. Kitu chenye uzito wa kilo-okteti 64 kinapita kwa Bluetooth mara moja. Kinaingia kwenye karte memwari yoyote ya zamani. Hakingoji mtandao wenye nguvu wala hakimalizi mega za mtu. Salamu ndogo inafika fasi ambapo video kubwa inakwama.

Kwa kijana anayetaka kujaribu

Hakuna lazima ya kuanza na baiti 4,096. Mambo haya yanatosha:

Programu. Krita na GIMP ni za kuchora, Blender ni ya kutengeneza picha zenye kina na zinazotembea. Zote tatu ni bure kwa ordinatere. TIC-80 nayo ina toleo la bure. Ni ndogo, inatembea hata kwenye ordinatere dhaifu, na watu wa demo wanaitumia kwa mashindano. Mtu akishazipakua mara moja, anazitumia bila intaneti.

Hatua za kazi. Katika mashindano ya picha, watu wa demo wanaomba mchoraji aonyeshe hatua zake, tangu mistari ya kwanza hadi picha kamili. Ni njia yao ya kukataa wizi, na leo inasaidia pia kutambua picha iliyotengenezwa na mashine. Kijana anayechora kadi ya Noeli atunze hatua zake. Siku mtu atakapoichukua na kufuta jina, atakuwa na ushahidi.

Jina la mwenyewe na majina ya wengine. Sahihi iwekwe ndani ya picha, fasi ambapo haiwezi kukatwa kwa urahisi. Na aliyesaidia, aliyeazima ordinatere, aliyelipia moto wa jenereta, atajwe humo.

Uzito. Kadi iliyopunguzwa vizuri inaweza kuwa chini ya kilo-okteti 100 na bado ikasomeka kwenye telefone ndogo. Anayetuma picha nzito anamlipisha anayepokea.

Tahadhari. Wakati wa sikukuu zinazunguka messages zinazoahidi mega za bure ao zawadi, ukibonyeza tu. Nyingi ni mitego ya kuiba namba na siri za telefone. Salamu ya kweli haikuombi kubonyeza kitu, wala kuituma kwa watu kumi.

Kwa wale wasiochora kabisa, sehemu moja ya desturi hii haihitaji ordinatere. Kabla ya kutuma picha ileile kwa watu 50 usiku wa Bonane, inawezekana kuandika majina matano, kila moja na maneno yake: yule aliyekimbia na watoto na sasa anakaa kambini, yule aliyekukopesha feza ya masomo, yule ambaye hujamuandikia tangu mwaka jana. Herufi hazitapita 200. Katika kazi ya baiti 4,096, hiyo ingekuwa salamu kubwa sana.